Jumapili ya Muuza Duka

Kila tunapofundishwa juu ya siku ya Bwana, mafundisho huishia mahali pamoja: mahudhurio. Walioacha ibada kwa ajili ya biashara hukemewa, na sisi tulioketi kwenye mabenchi huitikia amina. Tunataka kuyapima mafundisho hayo, kwa maana tunaona yanasoma nusu ya amri na kuiacha nusu nyingine.

Tuanze na jambo lililotokea kwetu wenyewe. Binti mmoja wa kwaya, anayeuza duka hapa Dodoma mjini, alikosa Jumapili tano mfululizo. Viongozi wakamwita, wakamsomea utaratibu wa kwaya, wakamsimamisha. Alipoulizwa kama ana neno, alisema kwamba duka hufunguliwa saa 2 asubuhi siku zote saba, na asiyefika hukuta nafasi yake ina mtu mwingine. Hakuna aliyeuliza duka ni la nani. Wengi wetu tulijua: ni la muumini mwenzetu, mtoaji mzuri, asiyekosa ibada ya kwanza. Yeye alipata nafasi ya kuabudu kwa sababu binti alikuwa kaunta. Tulimwadhibu aliyekosa, tukamshukuru aliyemkosesha.

Tukifungua Kutoka 20 na Kumbukumbu la Torati 5, tunaona amri ya Sabato inamwambia nani. Inasema na mwenye nyumba. Inamtajia watoto wake, watumishi wake, wanyama wake, na mgeni aliye ndani ya malango yake. Kumbukumbu la Torati linaongeza sababu: mtumishi naye apate pumziko lile lile alipatalo bwana wake, kwa kuwa Israeli walikuwa watumwa Misri. Na Misri ilikuwaje? Katika Kutoka 5 watu waliomba ruhusa waende kumwabudu Mungu wao. Farao akawaita wavivu, akawaongezea kazi. Ndugu zetu wengi madukani wanalijua jibu hilo.

Nehemia naye, katika sura ya 13, aliwaonya wauzaji, lakini wakuu wa Yuda aliwagombeza, kisha akaamuru malango ya mji yafungwe. Alianza na wenye uwezo wa kufunga. Sisi tunaanza na asiyekuwa na ufunguo.

Hata sheria ya nchi imemwona mtu huyu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, siku zisizozidi 6, na mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Atakayefanya kazi katika mapumziko hayo alipwe mara mbili ya mshahara wake wa saa. Sasa tuchukue duka linalofunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 2 usiku, muuzaji akiwa mmoja. Tukitoa saa moja ya chakula, zinabaki saa 11 kwa siku, yaani 77 kwa wiki. Saa za ziada zinazoruhusiwa ni 50 tu kwa wiki nne, kwa hiyo 77 hazifikiwi kihalali kwa njia yoyote. Lakini nani atakwenda kushtaki, naye analala kwa kodi ya mwezi huu?

Sisi wanunuzi pia tumo. Tangu Serikali ianze kuhamia hapa mwaka 2016, na Dodoma kufanywa jiji mwaka 2018, wengi wetu tunafanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, Mtumba na kwingineko. Mwisho wa wiki ndio wakati wetu wa kununua. Tunatoka ibadani na nguo za kanisani, tunapitia dukani, na tukikuta pamefungwa tunanung'unika. Mwenye duka anafungua kwa sababu anatujua. Wala tusisahau kwamba baada ya baraka sisi wenyewe hupiga mnada wa kuku na mahindi uani kwa kanisa.

Wapo watakaosema kwamba mama mwenye genge pale Majengo hali asipouza. Ni kweli, naye hatumzungumzii. Yeye ni bwana wa meza yake, akifunga hakuna wa kumfukuza. Mgonjwa atahitaji duka la dawa, na ng'ombe wetu hawajui Jumapili. Bwana mwenyewe alisema juu ya ng'ombe aliyetumbukia kisimani siku ya Sabato. Lakini jozi ya viatu haijatumbukia kisimani.

Wengine watasema mji huu si wa Wakristo peke yao. Hilo nalo ni kweli, na ndiyo maana hatuombi sheria ya kufunga mji. Sheria yetu haitaji siku ya kupumzika. Mwislamu anahitaji adhuhuri ya Ijumaa, Msabato anahitaji Jumamosi. Mwajiri Mkristo awape hao nao nafasi yao, maana mgeni ndani ya malango ametajwa katika amri ile ile. Na ipo njia ya kati. Uingereza na Wales, kwa sheria ya mwaka 1994, maduka makubwa hufunguliwa Jumapili kwa saa 6 tu, na mfanyakazi wa duka ana haki ya kukataa kazi ya siku hiyo.

Basi wenye maduka miongoni mwetu wanaweza kufungua baada ya saa 7 mchana, au kupanga zamu ili kila mmoja apate Jumapili zake, na siku ya mapumziko iandikwe kwenye mkataba. Sisi wengine tununue mahitaji Jumamosi. Wachungaji na wazee watuwekee ibada ya jioni katikati ya wiki kwa wasioweza kufika. Na kabla ya kumsimamisha mtu kwa utoro, tumuulize anayemzuia ni nani, kisha twende kwa huyo.

Binti yule hajarudi kwenye kwaya. Barua ya kumsimamisha tuliiandika sisi. Ya kumwomba radhi nayo ni yetu kuiandika, na kabla ya kumpelekea, tupitie kwanza kwa mwenye duka.