Hadhari ya Jicho, ya Mkono na ya Akili

Kamusi nyingi za lugha mbili hupanga maneno kama magunia ghalani, kana kwamba yote yana uzito mmoja. Chukua maneno matatu ya Kijerumani: vorsichtig, behutsam na bedächtig. Aghalabu yote huelezwa kwa “careful” la Kiingereza au “cẩn thận” la Kivietinamu, na mwanafunzi akaridhika.

Tuyachambue. Vorsichtig lina jicho ndani yake: vor ni mbele, Sicht ni kuona. Ni hadhari ya mtu aonaye shimo kabla hajalifikia. Behutsam linatokana na hüten, yaani kuchunga au kulinda. Hii ni hadhari ya mikono, kama mkunga ampokeavyo mtoto mchanga. Bedächtig ni ndugu wa denken, kufikiri. Mwenye sifa hiyo hana pupa, hupima kwanza.

Kiingereza kina “cautious”, lakini neno hilo lina harufu ya woga. Mkunga akiitwa hivyo, msomaji atamhofia mtoto. Afadhali “gently”, ingawa hapo maana ya ulinzi imepotea. Kivietinamu nacho kina njia yake. Thận trọng, lenye asili ya Kichina, limebeba trọng, yaani uzito, nalo linaifaa bedächtig. Behutsam huelekea nhẹ nhàng, yaani upole, na nhẹ ni wepesi. Kumbe maneno mawili yaliyolazwa kitanda kimoja, moja lataka uzito na jingine wepesi!

Wala huu si mchezo wa wasomi. Kufuatia mkataba wa mwaka 1980, Wavietinamu walikwenda kufanya kazi viwandani Ujerumani Mashariki. Kufikia 1989 walikuwa wapatao 60,000. Mbele ya mashine, “Vorsicht!” si sifa ya tabia njema, ni onyo. Kivietinamu kina coi chừng, na coi ni kutazama: jicho limepata jicho mwenzake. Mfasiri atakayeandika thận trọng hapo anamhimiza mtu awe na busara ilhali vidole vyake vimo hatarini.

Sisi wenyewe humwambia mvuka barabara “Angalia!” na mbeba mayai “Taratibu!”, wala hatuyachanganyi. Basi mfasiri asiishie kuuliza neno lina maana gani. Aulize hatari iko wapi, na ni kipi kitakachoizuia: jicho, mkono au akili.