Pangaboi Oyee! Dar hadi Songea Ndani ya Q400

Jamani, ile miguu! Naanza na miguu kwa sababu hakuna aliyewahi kunidokezea. Kwenye Dash 8 Q400 ya Air Tanzania mabawa yapo juu ya madirisha, na magurudumu makubwa hufichwa ndani ya tumbo la injini. Kaa katikati ya ndege, dirishani. Dakika chache kabla ya kutua, vimilango vinafunguka mbele ya macho yako, mguu mrefu mwembamba unajikunjua, unasimama wima, kisha unauona kabisa ukigusa lami ya Songea na kufuka moshi. Kwenye Airbus mambo hayo hufanyika chini ya sakafu, abiria anaambulia mlio tu. Hapa unalipa nauli na sinema unapewa bure.

Mimi ni mtu wa Uwemba, kule Njombe, na mtu wa Uwemba anaijua barabara. Alfajiri Mbezi, Mikumi mchana, mlima Kitonga roho mkononi, Iringa, Mafinga, hadi Makambako, ambako barabara kuu inaendelea Mbeya nasi tunakunja kushoto kuifuata baridi yetu. Unashuka Njombe jioni au usiku, magoti yamekufa ganzi, bado hujatafuta usafiri wa kukufikisha misheni. Ndiyo maana kila nikisikia mtu wa mjini akiibeza ndege kwa kuwa ina pangaboi, namwangalia tu.

Walizibeza kweli. Q400 mbili za kwanza zilipowasili Septemba 2016, na Rais Magufuli akazizindua mwishoni mwa mwezi huohuo, maneno yalikuwa mengi: za kizamani, za polepole, kwa nini siyo jeti? Za polepole! Ndege hii inakata kilomita zaidi ya 600 kwa saa. Kutoka Dar hadi Songea angani ni kama kilomita 580; kwa barabara, kwa kuzungukia kwetu Njombe, ni zaidi ya 900. Ile saa moja na ushei uliyokaa hewani, basi bado linahangaika na foleni za kutoka jijini.

Sasa injini. Loo! Ni Pratt & Whitney PW150A mbili, kila moja na nguvu za farasi zaidi ya 5,000, kila moja ikizungusha pangaboi lenye mapanga sita yaliyopinda kama majani ya mgomba kwenye upepo. Rubani anapoachia breki hupati ule mvuto wa taratibu wa jeti. Unasukumwa mgongoni mara moja, na kabla hujamaliza kushangaa ardhi imeshaachia. Siri iko kwenye giaboksi. Ndani ya injini kuna tabo inayozunguka kwa kasi ya ajabu, lakini giaboksi inaishusha kasi hiyo hadi mizunguko 1,020 kwa dakika wakati wa kuruka, na 850 ndege ikishatulia angani. Mapanga yale makubwa yanasukuma hewa nyingi kwa upole, na upole huo ndio unaookoa mafuta. Jeti inataka kupanda juu sana ndipo itumie mafuta vizuri; kwenye safari ya saa moja, ikifika huko karibu inaanza kushuka.

Dunia nzima ilichelewa kulielewa jambo hili. Miaka ya 1990 mashirika ya Marekani na Ulaya yalikimbilia jeti ndogo kwa fahari, mapangaboi yakaonekana mambo ya wazee. Mafuta yalipopanda bei karibu na 2008, wahasibu wakakumbuka hesabu. Leo ATR za Ufaransa na Italia zinaendelea kuuzwa, Jambojet wa Kenya wamejenga biashara yao juu ya hizihizi Q400, na kwetu Precision Air wamekuwa na ATR kwa miaka mingi. Wala si mambo mapya Afrika Mashariki: East African Airways walirusha Fokker Friendship kabla shirika halijavunjika 1977. Wazee wetu walipanda pangaboi bila kununa.

Je, kelele? Ipo, nisidanganye. Ukikaa usawa wa mapangaboi utausikia mngurumo mwilini, ingawa kuna mitambo maalumu ya kuupunguza. Kabati za mizigo juu ya viti ni ndogo. Lile begi lako la magurudumu litakuaibisha. Na mchana wa jua kali ndege inarukaruka kidogo. Mimi nilifurahi, jirani yangu alishika rozari.

Nyumbani kuna swali jingine, na halistahili kuchekwa: Bukoba. Tarehe 6 Novemba 2022, ATR 42 ya Precision Air ilitumbukia Ziwa Victoria ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa, watu 19 wakafariki. Shangazi akiuliza, sitamwambia aache woga. Nitamwambia ile ni ndege ya kampuni nyingine na uwanja mwingine, kisha nitamwacha aamue mwenyewe kama Kitonga ni salama zaidi.

Kinachonikosesha usingizi ni ramani ya viwanja vya ndege. Songwe upande mmoja, Iringa upande mwingine, Songea kusini, na Njombe katikati, zaidi ya kilomita 200 za barabara kutoka kila kiwanja! Njombe tunao uwanja wetu wa changarawe katikati ya mji, ila uko juu, karibu mita 1,950 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi huko: injini inapungua nguvu, bawa linapungua uzito linaoweza kubeba. Q400 iliyojaa, ambayo pwani inaruka ndani ya mita 1,400 hivi, kwetu ingedai njia ndefu zaidi, na yenye lami.

Lakini nani kasema lazima tuanze na abiria 76 wa Q400? Cessna Caravan ina pangaboi moja, abiria kama kumi na wawili, na changarawe haiogopi. Zinaruka kila siku Zanzibar na Serengeti kupeleka watalii. Ingetosha kabisa kwa mgonjwa wa rufaa, mnunuzi wa parachichi na bwana harusi aliyechelewa.

Hadi hapo, ndugu wa Uwemba, tiketi ni ya Songea. Chukua upande wa kulia kama ni asubuhi: jua linabaki kushoto, Rufiji inapita chini yako, halafu pori la Hifadhi ya Nyerere lisilo na mwisho. Na begi dogo, tafadhali. Sweta livae kabisa, maana Costa ya kwenda Njombe nayo ina madirisha yasiyofunga.