Kasumba ya Fedha katika Nathari ya Azimio la Arusha

Kasumba, kwa asili, ni afyuni. Lugha ya siasa ililitwaa neno hilo ikalipa maana ya fikra ngeni iliyomkaa mtu kichwani hata akaidhani kuwa ni yake. Maana hii ya pili ina ukweli kuliko ule unaodhaniwa na wengi wanaoitumia kama tusi, maana mvutaji wa afyuni halazimishwi na mtu. Huitaka mwenyewe, na akiikosa huumwa.

Maandishi machache ya Kiswahili yameonyesha jambo hili kwa uwazi kama Azimio la Arusha, lililopitishwa na Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU mjini Arusha mwishoni mwa Januari 1967 na kutangazwa tarehe 5 Februari. Azimio limesomwa kama siasa, limekaririwa na watoto wa shule, limeimbwa. Lakini kama nathari halikupata wasomaji wengi. Hii ni hasara, kwa sababu nguvu yake imo katika namna lilivyoandikwa. Katika sehemu inayohusu kujitegemea, wasemaji huletwa mbele ya msomaji mmoja baada ya mwingine. Huyu anataka maji, yule barabara, wa tatu shule au hospitali, na kila ombi huishia pale pale: fedha. Neno linarudiwa hata linachakaa, na msomaji aliyeanza kwa kukubali hujikuta akicheka, kisha akajisikia kuwa anajicheka mwenyewe. Mwandishi wa kawaida angalihubiri kwamba fedha si msingi wa maendeleo. Azimio nalo huhubiri baadaye, tena kwa urefu, lakini kwanza linaacha ulimi wa taifa usikike. Fikra iliyoganda haionekani na mwenye nayo mpaka aisikie ikisemwa na watu kumi kwa sauti moja.

Walakini hoja inateleza mahali pamoja. Azimio lasema kwamba vita vya mnyonge havipiganwi kwa silaha ya fedha, kwa kuwa mnyonge hana fedha. Mlima uliokuwa juu ya vichwa vya wajumbe ulikuwa na ushahidi mwingine. Mwaka 1951 Serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, upande wa kaskazini mashariki ya Mlima Meru, ili nchi yao wapewe walowezi. Hatua hiyo ilitanguliwa na Tume ya Wilson ya 1946, iliyochunguza ardhi ya Arusha na Moshi, na ilisimama juu ya imani kwamba malisho yale yangezaa vema zaidi mikononi mwa Wazungu wafugao ng'ombe wa nyama na wa maziwa. Hiyo nayo ilikuwa fikra iliyoganda, ila iliganda katika vichwa vya watawala. Wameru wakachanga fedha. Mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda New York, akasema mbele ya Umoja wa Mataifa. Kisa hicho alikieleza baadaye pamoja na wakili Earle Seaton katika kitabu kilichotoka mwaka ule ule wa Azimio, 1967. Hawakurudishiwa ardhi kwa maneno yale, lakini Tanganyika nzima ilisikia.

Basi wanyonge walipigana, na fedha ilikuwamo katika silaha zao. Tofauti ni kwamba ilikuwa yao, na haikungojwa. Azimio linaitambua tofauti hiyo linapojadili misaada na mikopo ya nje na hatari yake kwa uhuru. Kisha katika joto la maneno linaisahau, likaihukumu fedha yenyewe badala ya kuhukumu tabia ya kuingoja. Kahawa ya Meru ingaliweza kulikumbusha. Ni mti mgeni, ulioletwa na wageni, lakini mkulima aliupanda kati ya migomba yake, akajua kuupalilia, na mapato yake yakasomesha watoto. Hakuna asemaye kwamba kahawa ni kasumba. Ugeni wa kitu, peke yake, haumwambii mtu lolote juu ya madhara yake. La kuuliza ni kama anayekipokea angali akitumia akili yake.

Swali hilo lilistahili kuulizwa juu ya Azimio pia. Maandishi yaliyoandikwa ili kuvunja mazoea ya ulimi yalifanywa wimbo wa gwaride, na mtihani ukadai majibu yake neno kwa neno. Masharti ya viongozi, yaliyowakataza hisa, mishahara miwili na nyumba za kupangisha, yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, na mabishano yaliyosikika hadharani yalikuwa madogo kuliko uzito wa jambo lenyewe. Kilichokaririwa bila kubishaniwa huondoka vivyo hivyo.

Jumba la Kaloleni, mjini Arusha, limekuwa makumbusho ya Azimio. Ukurasa wa wale wasemaji haujawa wa makumbusho. Ukisomwa leo katika mkutano wowote wa maendeleo, utahitaji kuongezewa neno moja tu, wafadhili, na wasikilizaji hawatajua kwamba uliandikwa 1967.