Sifuri Ambazo Kompyuta Hailalamikii

Jedwali la kisukari la wanawake wa jamii ya Pima, wa Arizona nchini Marekani, hutumiwa sana kuwafundishia wanaoanza sayansi ya data. Lina mistari 768, kila mmoja ukiwa wa mwanamke mwenye umri wa miaka 21 au zaidi, na vipimo 8 vinavyofuatwa na safu ya jibu: ana kisukari au hana. Mwanafunzi huliuliza kwa amri ya pandas, maktaba ya Python ya kushughulikia majedwali, kama kuna data iliyokosekana, hujibiwa kwamba hakuna, kisha hukimbilia modeli. Kumbe wanawake 35 wameandikiwa shinikizo la damu la sifuri, na 374, karibu nusu yao, wana insulini ya sifuri. Hakuna aliye hai mwenye shinikizo la sifuri. Hivyo ni vipimo vilivyokosekana, na nafasi yake ikajazwa namba. Kosa la kusahau mabano kompyuta hulikemea papo hapo, na mwanafunzi hulisahihisha. Hili la sifuri hulipokea kimya na kulirudisha likiwa jibu lenye desimali nne, na ndiyo maana naliona kuwa kubwa kuliko makosa yote ya sintaksia.

Madhara yake hayajifichi kwa anayetazama. Wastani wa insulini katika jedwali zima ni 79.8; ukiziondoa sifuri, unapanda hadi 155.5. Hata anayegundua tatizo mara nyingi hulitibu kwa kosa jingine: hujaza mapengo kwa wastani wa mistari yote 768, ndipo hugawa data ya mafunzo na ya majaribio. Hapo data ya majaribio imeshachangia namba zilizotumika kufundishia, na mtihani umevuja kabla ya kufanywa. Mwishoni hufurahia usahihi wa asilimia 70. Lakini wanawake 500 kati ya hao hawana kisukari, kwa hiyo modeli inayojibu “hana” kwa kila mtu hupata asilimia 65 bila kumtambua hata mmoja wa wagonjwa 268.

Walimu wengine hujibu kwamba anayeanza ana mzigo wa kutosha wa lugha ya Python, na kwamba modeli za miti ya maamuzi hutoa alama zilezile hata sifuri zikiachwa. Hoja ya pili ina ukweli, lakini ukweli huo wenyewe unatisha. Alama hazishuki kwa sababu data ya majaribio imetoka katika jedwali lilelile, yenye sifuri zilezile. Modeli imejifunza nani alipimwa na nani hakupimwa. Ipeleke hospitali inayompima kila mtu insulini, na alama iliyopata haitakuwa na dhamana yoyote. Kuhusu mzigo, kukagua safu ni kazi ya amri moja, describe, inayoonyesha thamani ya chini kabisa ya kila safu. Wala tusiseme haya ni mazoezi tu. Kati ya 25 Septemba na 2 Oktoba 2020, watu 15,841 waliothibitika kuwa na UVIKO-19 walikosekana katika takwimu za kila siku za Uingereza, kwa sababu matokeo yalipitishwa katika faili za Excel za aina ya zamani, zisizobeba zaidi ya mistari 65,536. Ufuatiliaji wa waliokutana nao ukachelewa.

Nakubali kwamba amri peke yake haitoshi. Katika jedwali hilohilo la Pima, safu ya idadi ya mimba ina sifuri 111, na hizo ni za kweli kabisa: wanawake hao hawajawahi kushika mimba. Mwanafunzi aliyefundishwa kanuni ya “futa sifuri zote” ataziharibu. Kwa Python, sifuri ya mimba na sifuri ya shinikizo ni kitu kimoja. Anayezitenganisha ni mtu anayejua mwili wa binadamu, au aliyemuuliza muuguzi kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa programu.