Stiki Ina Pande Mbili

Juzi, kwenye gereji moja hapa Dar es Salaam, kijana alimwongezea mteja oili kwenye Toyota IST. Gari lilikuwa limeingia sasa hivi, na tairi za mbele zilikuwa zimepanda ukingo wa sakafu. Feni bado inazunguka, kijana akachomoa stiki, akaiinua juu kuitazama kwenye mwanga, akatangaza kwamba oili imekwisha, akamimina dumu zima la lita 1. Mwenye gari akashukuru kwa sauti: huyu ndiye fundi, hana mkono wa birika, kajaza mpaka juu. Waliokaa kwenye benchi wakaitikia, na mmoja akaomba namba yake ya simu.

Sina ugomvi na kijana, maana hakuna aliyemfundisha. Ugomvi wangu ni na sifa alizopewa. Kazi mbovu ikisifiwa mbele ya wanagenzi, kesho hiyo ndiyo inakuwa kazi. Kumimina oili anaweza kila mwenye mikono. Fundi hujulikana kwa namna anavyosoma stiki kabla hajagusa dumu.

Injini ya IST inabeba pungufu kidogo ya lita 4 ukihesabu na filta. Kutoka alama ya chini hadi ya juu, kwenye magari mengi madogo, ni kama lita 1, mengine hata haifiki. Kwa hiyo lita nzima ni ya gari lililokutwa kwenye alama ya chini kabisa, na hata hilo halimiminiwi kwa mkupuo. Injini iliyozimwa sasa hivi oili yake bado iko juu, kwenye hedi na kwenye njia zake, inateremka taratibu kurudi kwenye sampu. Pima wakati huo, utaona pengo ambalo halipo. Lijaze, na baada ya dakika kumi umevuka alama ya juu. Oili ikizidi sana, krenki inaipiga na kuitia povu. Pampu ikivuta povu presha inayumba, na beringi zinakosa ulinzi huku oili imejaa tele chini yake. Nyingine inafyonzwa na bomba la mvuke hadi kwenye njia ya hewa, inaungua, moshi wa bluu unatoka, na mteja anaambiwa ringi zimekwisha. Nimeshuhudia injini ikifunguliwa kwa dalili hizo, ilhali dawa ilikuwa kumwaga nusu lita tu.

Mimi husimama robo tatu ya njia kutoka alama ya chini. Hapo ndipo mahali pa oili, na anayetaka kuifikisha kwenye mstari wa juu kabisa hana sababu yoyote ya maana.

Sasa nije kwenye jambo ambalo asiye fundi halioni hata ukimwonyesha mara ya kwanza. Stiki ina pande mbili, na pande hizo mara nyingi hazisemi neno moja.

Bomba la stiki halikunyooka. Lina mkunjo wa kukwepa kizuizi hiki na kile, na ndani yake, injini ikiwa inafanya kazi, oili imerukia ukutani. Stiki ikipita pale inajipaka upande mmoja, ule unaoegemea ukuta. Ukiitoa ukatazama upande huo peke yake, utaona oili imepanda vizuri, pengine imepita alama ya juu. Igeuze: upande wa pili oili imeishia katikati, au chini ya hapo. Aliyetazama upande wa kwanza anafunga boneti akiwa na amani, na injini yake ina upungufu wa nusu lita. Unaoaminiwa ni upande ulio chini. Hata kwenye huo upande, usisome michirizi wala matone yaliyotangulia juu. Tafuta mahali ambapo oili imeshika upana wote wa stiki bila kuacha kipande kikavu, na ukingo wake umekaa sawa. Huo ndio mstari. Ukiona umelala mshazari, gari halijakaa sawa au umechomoa kwa papara, futa, rudia.

Na stiki haiinuliwi. Ncha inabaki chini tangu inatoka mpaka inafutwa. Ukiipandisha juu kama yule kijana, oili inakimbilia mkononi na kipimo kinapotea mbele ya macho yako. Oili mpya ni nyepesi na haina rangi ya kuonekana, hivyo inataka utulivu zaidi: ilaze stiki juu ya kitambaa cheupe, inamisha kichwa mpaka mwanga uteleze juu yake, utaona panapong'aa na panapofifia. Kitambaa kiwe cheupe, cha pamba, kisichotoa nyuzi. Anayefutia stiki kwenye suruali sijawahi kumwona akifanya jambo jingine lolote kwa uangalifu.

Mzee aliyetusimamia kwenye karakana ya mabasi hakukubali usomaji wa upande mmoja. Ulipomletea stiki alifunika upande uliousoma kwa kidole gumba chake, akauliza: "Na huku kunasemaje?" Usipojua, ulirudi kufuta na kupima upya, na foleni ya mabasi ikasubiri. Alipima alfajiri, kabla injini haijawashwa, gari likiwa kwenye sakafu ya zege ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameikagua kwa pimamaji. Najua vitabu vingi vya Toyota vinasema upashe injini moto, uzime, usubiri dakika 5 au zaidi. Ni sawa, na anayefuata kitabu hakosei. Lakini alfajiri oili yote imelala chini usiku kucha, hakuna haraka, hakuna mteja anayekuhimiza. Kipimo cha alfajiri ndicho kipimo.

Enzi hizo, madereva wa malori ya kwenda Zambia hawakuanza kupanda mlima Kitonga bila utingo kushika stiki. Ilikuwa sehemu ya kazi yake, pamoja na maji na tairi, na utingo aliyedanganya oili alishushwa njiani. Leo mtu anatoka Dar hadi Mbeya na Noah iliyobeba ukoo mzima, na boneti haijafunguliwa tangu sevisi. Ukimuuliza anasema taa haijawaka. Taa ile inaangalia presha, haiangalii kiasi. Ikiwaka ukiwa barabarani, beringi huenda zimeshaanza kusagika; zima injini hapo hapo, usijisogeze hata mpaka sheli ya mbele.

Kuhusu rangi, watu wanatishwa bure. Oili nyeusi si lazima iwe imechoka; sabuni iliyomo ndani yake imefanya kazi ya kushika masizi, na kwenye dizeli hata oili mpya huwa nyeusi baada ya siku chache. Rangi ya kuogopa ni ya chai ya maziwa. Ukiiona kwenye stiki, maji ya rejeta yameingia, anza kushuku gasketi ya hedi. Ukiiona kwenye mfuniko peke yake, na gari linaishi Njombe au Arusha kwenye baridi na safari fupi fupi, inaweza kuwa mvuke tu. Nusa pia. Kama stiki inanuka petroli, na usawa umepanda bila mtu kuongeza kitu, hapo kuna tatizo kubwa kuliko oili iliyopungua. Gari linalokula oili lina miaka ya kuishi ukilihudumia. Gari ambalo oili inaongezeka lisiwashwe mpaka sababu ijulikane.

Matapeli nao wana elimu yao. Yupo kijana wa kituo cha mafuta anayefungua boneti kwa ukarimu, anafuta stiki, anairudisha bila kuizamisha mpaka mwisho, kisha anakuonyesha ncha kavu na dumu la kuuza tayari liko mkononi. Dawa yake ni kushuka garini na kuichomeka mwenyewe mpaka kifuniko cha stiki kikae. Yupo dalali anayechanganya oili ya gia kwenye injini iliyonoki ili inyamaze siku ya kuonyeshwa gari. Huyo mkamate asubuhi, injini ikiwa baridi: oili inavutika kwenye stiki kama asali na haitaki kudondoka. Na wapo wanaonunua madumu matupu, wanajaza oili chafu iliyochujwa, wanafunga upya. Ndiyo maana fundi ninayemheshimu hutoboa dumu likiisha, mbele ya mteja. Oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa lisilo na jina mimi siitii kwenye injini ya mtu.

Ongeza ile ile iliyomo. Kama ni 5W-30, iwe 5W-30. Hoja kwamba joto la Dar linataka 20W-50 ilikuwa na maana kwa Land Rover za zamani. Injini yenye VVT-i inarekebisha muda wa valvu kwa presha ya oili inayopita kwenye njia nyembamba, na inataka uzito ulioandikwa kwenye kitabu chake. Ukikwama njiani, oili nyingine yoyote halali ya injini yenye alama ya API ni afadhali kuliko kutembea chini ya mstari. Hata ikiwa ya kampuni nyingine, zinachanganyika. Mimina robo lita, subiri iteremke, pima, soma pande mbili, ndipo uamue kama unaongeza tena.

Kisha andika. Kilomita, na kiasi ulichoongeza. Toyota kwenye vitabu vyake vya masoko mengi inakubali ulaji wa hadi lita 1 kwa kilomita 1,000. Piga hesabu: injini ya pungufu ya lita 4, sevisi ya kilomita 5,000, na stiki isiyoguswa katikati. Injini inakuwa imekufa sevisi haijafika, na kitabu hakikuvunjwa. Kwangu mimi robo lita kwa kilomita 1,000 ndio mwisho wa uvumilivu, zaidi ya hapo tunatafuta sababu. Wenye Alphard, Estima na Harrier za 2AZ-FE wanalijua hili kwa uchungu. Kwa baadhi ya Camry na RAV4 zenye injini hiyo Toyota iliongeza dhamana ya pistoni na ringi nchini Marekani. 1ZZ-FE za mwanzo nazo zina sifa hiyo hiyo. Oili inayoungua haiishii kwenye moshi, inaziba masega ya kwenye eksozi, na masega yana bei.

BMW nyingi za siku hizi zimeondoa stiki kabisa, zinasoma kwa sensa. Sipendi, lakini sina la kufanya.

Kama gari lako limebadilishwa injini, na hapa mjini ni mengi, usiiamini stiki yoyote kabla ya kuihakikisha. Injini zinakuja bila stiki, fundi anaokota ya gari jingine inayoingia, fupi au ndefu, na kuanzia siku hiyo kila kipimo ni uongo. Subiri sevisi inayofuata. Mwaga oili yote, badilisha filta, tia kiasi kamili cha kitabu kwa kupima kwa jagi lenye alama, washa dakika mbili, zima, subiri kumi. Chomoa stiki, soma pande mbili, na pale oili ilipoishia kwa upande wa chini piga mkwaruzo kwa msumari. Huo ndio mstari wako wa juu. Shuka chini yake kiasi cha lita 1 kwa kulinganisha na stiki halisi ya injini hiyo ukiipata ya kuazima, ukwaruze wa pili, na ule mstari wa kiwandani usiutazame tena.