Asiyevutiwa kingono si hanithi wala mtawa

KATIKA makala ya leo, ninadhamiria kujadili namna vyombo vyetu vya habari vinavyowataja watu wasiovutiwa kingono na mtu yeyote. Kiingereza kina jina la watu hawa. Kiswahili bado hakijakubaliana juu ya jina lao, na hapo ndipo shida inapoanzia, kwani asiye na jina hubandikwa lolote na wapita njia.

Kwanza tufafanue dhana yenyewe. Kuna watu ambao tangu wabaleghe hawajawahi kuvutiwa kingono na mwanamume wala mwanamke. Miili yao ni mizima. Baadhi yao hupenda, huoa au kuolewa na hulea watoto. Kinachokosekana ni ule mvuto tu. Wala jambo hili halikuzuka juzi mitandaoni. Mwaka 1948, Alfred Kinsey na wenzake nchini Marekani walitenga kundi walilolipa alama ya X kwa watu wa namna hii. Mwaka 2004, Anthony Bogaert, msomi wa Kanada, alichanganua majibu ya Waingereza zaidi ya 18,000 na kukuta kwamba takriban asilimia 1 walisema hawajawahi kuvutiwa kingono na yeyote. Nao mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, katika toleo lake la tano la mwaka 2013, unaeleza kuwa mtu anayejitambua hivyo asihesabiwe kuwa mgonjwa wa kukosa hamu.

Sasa tuitazame lugha yetu. Wasomaji wa kurasa za vituko magazetini wanaujua muundo wake: jina la mji kwa herufi kubwa, uwe Matayos, Bumala au Malaba, halafu polo, kalameni au kipusa, kisha kioja. Tuseme, na huu ni mfano wangu wa kubuni, kwamba mwanamume wa Matayos ameishi na mkewe mwaka mzima bila kumgusa. Wewe msomaji unajua kisa hicho kitakavyoandikwa. Jogoo wake hawiki. Mke amenyimwa asali. Majirani wanaangua kicheko. Mwishowe ama jamaa anapelekwa kwa mganga, ama mke anafungasha virago. Katika mistari yote hiyo, hakuna aliyemuuliza mwenyewe kama alitaka.

Hili si suala dogo kisemantiki. Jogoo kutowika ni sitiari ya uwezo. Humhusu anayetaka akashindwa. Kumwambia asiyetaka kwamba ameshindwa ni kama kumwambia asiyekula nyama kwamba hana meno. Neno hanithi nalo ni baya zaidi. Lina maana mbili zilizofungwa pamoja: mwanamume asiyeweza kujamiiana, na pia msenge. Mwandishi anayelitumia humpachika mtu ugonjwa asiougua na mwelekeo asio nao, tena kwa neno moja.

Upande wa pili kuna mtawa na mseja. Haya ni maneno ya heshima, lakini nayo hayafai. Padri aliyeapa useja ameacha kitu anachoweza kukitamani, na ndiyo maana kiapo chake kina uzito. Asiyevutiwa hajaacha kitu. Hakuapa wala hafungi. Useja ni uamuzi, ilhali kutovutiwa ni hali.

Hebu tukumbuke kwamba hata Injili ya Mathayo, sura ya 19, inapozungumzia matowashi hutenganisha sababu tatu: waliozaliwa hivyo, waliofanywa hivyo na watu, na waliojifanya hivyo kwa ajili ya ufalme wa mbinguni. Sisemi kuwa towashi ndilo neno tunalolitafuta, la hasha! Ninachosema ni kwamba kutofautisha sababu si anasa ya wasomi. Wanahabari wetu wameziweka zote katika kapu moja na kuliandika jina la kicheko.

Kwa mwanamke kapu hubadilika. Yeye hatajwi kuwa hanithi. Huitwa baridi, au anaringa, au, kwa Kiswahili cha mtaani, ana mpango wa kando. Yaani mwanamume asiyetaka ni mgonjwa, lakini mwanamke asiyetaka ni mwongo.

Mzizi wa tatizo, kwa maoni yangu, uko katika neno mapenzi. Vyombo vya habari vimezoea kusema wawili "walifanya mapenzi," maneno ambayo ni tafsiri sisisi ya Kiingereza. Kiswahili kina kujamiiana, kulala pamoja na kukutana kimwili. Tulipoyasukuma kando maneno haya na kulitwika neno mapenzi mizigo miwili, tulijinyima uwezo wa kutunga sentensi rahisi kama hii: anampenda mkewe, ila hana hamu ya kujamiiana. Katika lugha ya redio, sentensi hiyo inasikika kama mtu anayejipinga mwenyewe.

Tazama pia vitenzi vinavyotumiwa kuripoti majibu ya watu hawa. Mtu akisema, "Mimi sivutiwi, na ni mzima," mwandishi huandika kwamba "alikiri," "alidai" au "alijitetea." Kukiri hudokeza kosa. Kudai huashiria shaka. Kujitetea huleta picha ya kizimba. Kitenzi "alisema" kimekosa nini? Akikasirishwa na maswali ya chumbani, huripotiwa kuwa "alifoka," na hasira yake inageuzwa ushahidi kwamba ana jambo analolificha. Akinyamaza, basi "alikosa la kusema." Vyovyote atakavyofanya, hukumu imekwisha kutolewa.

Kosa hili si letu peke yetu. Mwaka 2012, tamthilia ya Marekani iitwayo House ilionyesha mke na mume waliosema hawana haja ya ngono. Kufikia mwisho wa kipindi, mume alikutwa na uvimbe katika tezi iliyo chini ya ubongo, na mke akasema alikuwa akidanganya ili asimpoteze mumewe. Ugonjwa na uongo: kapu lilelile la Matayos! Watu wanaohusika walilalamika kwamba walionyeshwa kama wasiokuwepo.

Kuna watakaoniuliza: profesa, mbona maneno tu? Jibu liko barabarani. Tembea Busia au Malaba uone vibao vya waganga vinavyotangaza nguvu za kiume. Kijana aliyesadikishwa kuwa ni hanithi atazitoa pesa zake kwa dawa ya maradhi asiyokuwa nayo. Msichana aliyeambiwa na shangazi zake kuwa "atazoea tu" ataozwa, na kukataa kwake chumbani kutaitwa maringo. Lugha inayokosa neno la "sitaki kwa kuwa sivutiwi" huliondolea uzito neno "sitaki" lenyewe.

Basi tuseme nini? Wapo wanaotafsiri kwa haraka na kuandika "asiye na jinsia." Hilo ni kosa. Jinsia ni uke au uume, na mtu huyu anayo. Tena linamchanganya na huntha, ambao ni watu wengine kabisa, na ambao sensa ya Kenya ya 2019 iliwahesabu kuwa 1,524. Ninapendekeza "asiyevutiwa kingono," na hali yenyewe iitwe "kutovutiwa kingono." Najua ni maneno marefu kwa kichwa cha habari. Hata hivyo, yanaeleweka sokoni Matayos bila kamusi, hayatukani, na hayadokezi sababu ambayo mwandishi haijui. Anayejiita asekshuali naye aachiwe jina lake.

Kwa wahariri, nina ombi moja. Kabla ya kuchapisha kisa cha jogoo asiyewika, muulizeni mwandishi kama alizungumza na mwenye jogoo. Kama hakuzungumza naye, basi hajui kama jamaa ameshindwa, ameapa, amechoka au havutiwi. Hizo ni habari nne tofauti, na mwandishi asiyejua anayo ipi bado hana habari.