Sifa za Barua ya Wazi

Katindo, kama mitaa mingine ya Goma, haikosi karatasi ya madai. Mara maji hayatoki, mara barabara imebaki mawe ya volkano, mara mtu amekamatwa usiku na ndugu zake hawajui alipo. Vijana huketi, huandika memorandum, huipiga fotokopi: moja ya meya, moja ya gavana, zinazobaki za redio na za raia. Wengi huiona kazi ndogo. Mimi naihesabu kuwa ufundi, na fundi ninayemtanguliza mbele ya wote katika nchi hii alikuwa mgeni.

George Washington Williams, Mmarekani mweusi, alizaliwa Pennsylvania mwaka 1849. Alipigana katika vita vilivyovunja utumwa kwao, akawa mchungaji, mwanahistoria na mtu mweusi wa kwanza kuketi katika baraza la sheria la Ohio. Mwaka 1889 alionana na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, aliyekuwa pia mtawala wa Kongo, akatoka akimsifu. Mwaka uliofuata akapanda Mto Kongo kujionea. Tarehe 18 Julai 1890, akiwa Stanley Falls, Kisangani ya leo, alimwandikia mfalme barua ambayo ilipigwa chapa kama kijitabu, ili kila mtu aisome.

Tazama alivyoijenga. Anaanza kwa adabu, anamwita mfalme rafiki, anaeleza matumaini aliyokuja nayo na jinsi machifu walivyohadaiwa kwa mikataba. Kisha yanafuata mashtaka 12 kwa namba: mahakama zisizo na haki, wafungwa minyororoni, watumwa walionunuliwa na serikali iliyojitangaza adui wa utumwa. Akifika kwenye mapatano na liwali Mwarabu wa pale, ya kuweka vituo vya askari mpaka Tanganyika, anataja malipo: bunduki 500, mapipa ya baruti, pauni 20,000. Hapohapo anachoma: haki ya mfalme juu ya nchi ile, asema, haizidi haki yake yeye Williams ya kuwa amiri jeshi wa Ubelgiji. Hasira yote imebanwa ndani ya hesabu. Mwisho anaomba tume ya kimataifa ichunguze.

Hapo ndipo ulipo ujamhuri wake. Hakuhubiri kuangusha kiti cha enzi. Alimdai mfalme hesabu kama anavyodaiwa mtumishi wa umma. Ubelgiji, katiba ya 1831 ililinda uhuru wa magazeti. Kongo, mfalme huyohuyo alitawala bila bunge. Barua iliuvuka mpaka huo, ikamshtaki mtawala wa Kongo mbele ya wasomaji wa Ulaya na Marekani ambao hakuweza kuwafunga midomo. Gazeti la New York Herald liliitangaza Aprili 1891. Magazeti ya upande wa mfalme yakamwandama mwandishi, yakihoji cheo chake cha ukanali, na Juni bunge la Brussels likalazimika kuijadili. Tarehe 2 Agosti Williams alifariki Blackpool, Uingereza, akiwa na miaka 41. Leopold aliishika Kongo hadi 1908, baada ya ripoti ya konseli wa Uingereza, Casement, na kampeni ya mwandishi Morel dhidi ya utawala wake.

Barua haina jeshi. Nguvu yake ni kumnyang'anya mkubwa kisingizio cha kutojua: tangu Julai ile, Leopold hakuweza tena kusema hakuambiwa.

Ilikuwa na upungufu wake. Iliandikwa kwa Kiingereza. Mtu wa Stanley Falls, ambako Kiswahili kilikwisha kusikika, alitajwa ndani yake lakini hakuweza kuisoma. Hapo vijana wetu wamempita fundi. Tangu LUCHA, harakati ya vijana ya kudai haki, ilipozaliwa Goma mwaka 2012, na hata kabla yake, madai yanayopelekwa ofisini kwa Kifaransa husemwa pia redioni na barabarani kwa Kiswahili, na anayedhulumiwa huwa msomaji na mwandishi.

Lililobaki la kujifunza kwa Williams ni nidhamu. Tukana, na mkubwa atajibu matusi, wala hatagusa jambo lenyewe. Mwekee tarehe, mahali, namba na kiasi, na akinyamaza, ukimya wake nao utahesabiwa kuwa jibu.